Barua Arobaini na Moja

Mlango wa ofisi ya mtaa haukufungwa mchana hata siku moja. Mkuu wa ofisi aliutaka wazi kutwa, na akija mgeni kutoka wilayani alimwonyesha kwa majivuno: hii ni ofisi ya wananchi, sisi hatujui kufunga mlango. Mlango wenyewe ulifungukia ndani ukaegemea ukuta, na nyuma yake, mahali ambapo hata ufagio ulifika kwa kubahatisha, ndipo ulipotundikwa ubao wa matangazo. Tangazo lilibandikwa pale kama sheria inavyotaka, likakaa siku zake kumi na nne, likabanduliwa, na mtaa mzima usijue kwamba umetangaziwa.

Jumanne hiyo upepo ulikuwa unasomba vumbi la barabarani. Mke wa Tarishi alikuwa amemletea mumewe chakula cha mchana, na alipoona vumbi linaingia hadi kwenye bakuli aliusukuma mlango kwa kiwiko ukajifunga. Kisha hakugeuka. Tarishi alinyoosha mkono kusubiri kijiko, akaona mgongo tu, akajua leo hakuna kula kwa amani. Mkewe alikuwa fundi cherehani mwenye ugonjwa wa kusoma. Alisoma gazeti lililofungia karanga, alisoma vikaratasi vya ndani ya maboksi ya dawa, alisoma maandishi madogo nyuma ya tiketi.

"Huu mkutano ulifanyika lini?" akauliza, uso bado ubaoni.

Tarishi akauliza mkutano gani, na hakuwa anajifanya. Tangazo lile alilibandika yeye mwenyewe siku kumi na moja zilizopita, lakini hakulisoma. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amebeba karatasi za serikali huku na huko, na jambo alilojivunia kuliko yote ni kwamba hajawahi kupekua la mtu.

Mkewe akamsomea. Ulikuwa muhtasari wa mkutano mkuu wa wakazi. Ulisema kwamba wakazi mia moja na kumi na wawili walikusanyika kwa hiari yao wakaiomba ofisi iwawekee kanuni mpya kwa ajili ya utulivu wa mtaa. Kuanzia mwezi ujao, nyumba itakayokusanya zaidi ya watu sita wasio wa familia itahitaji kibali cha Mkuu. Mgeni atakayelala zaidi ya siku mbili ataandikishwa ofisini na kueleza alichokuja kufanya. Mwenye nyumba atakayekaidi atatozwa faini, na shughuli yake itafungwa. Kila alasiri wanawake wanane walikaa sebuleni kwa Tarishi kujifunza kushona. Kwa hiyo shughuli yao ilikuwa imeshafungwa, ilibaki tarehe tu.

Nyuma ya muhtasari palikuwa na orodha ya mahudhurio. Kidole cha mkewe kiliteremka taratibu, jina baada ya jina, kikasimama katikati ya ukurasa wa pili.

"Na saini yangu hii hapa," akasema.

Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha Tarishi. Karani wa ofisi, mama wa makamo aliyekuwa akichapa barua pembeni, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Mkuu akatoka chumbani kwake akijifuta mdomo. Akatabasamu, akasema, "Shemeji, huo mlango haufungwi," akaufungua kuelekea pale pale alipokuwa amesimama, na ikambidi mke wa Tarishi aruke pembeni usimpige begani. Halafu Mkuu akamgeukia mumewe. "Na wewe Bahasha, maji yangu ya chai yanachemkia nchi gani?"

Tarishi akaacha chakula chake akaenda kuwasha jiko. Jina la Bahasha alikuwa amelizoea, lakini hakuwahi kuitwa hivyo mbele ya mkewe. Masikio yalimwaka moto mpaka maji yalipochemka.

*

Jioni hiyo cherehani haikuzunguka. Mabinti zao wawili walikuwa wanafanya kazi za shule sakafuni, na mama yake Tarishi, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa kwenye kiti chake akichambua mboga. Mkewe alikuwa ameweka mezani kalamu yake ya buluu, ile ya kuchorea vitambaa, ambayo siku zote huichomeka kwenye nywele.

Alikuwa ameshakumbuka kila kitu. Miezi mitatu iliyopita serikali iligawa vyandarua kwenye uwanja wa shule. Watu walipanga foleni juani, wakatia saini, wakaandika idadi ya vyandarua walivyopewa, wakaondoka. Zamu yake ilipofika biki ya mezani iliisha wino, akachomoa kalamu yake kichwani akatia saini, na watu sita waliomfuata wakaiazima. Kwenye ile orodha ya ubaoni saini saba katikati ya ukurasa zilikuwa za buluu iliyofifia.

"Hizo ni karatasi za vyandarua," akasema. "Wamezibadilisha kichwa tu. Ile safu tuliyoandika idadi ya vyandarua, sasa imeandikwa juu yake idadi ya watu wa kaya. Sisi tulipewa viwili. Kwa hiyo serikali inajua humu ndani tuko wawili."

Bibi akaacha mboga. Akatazama watu waliokuwa chumbani, akawahesabu kwa kidole, yeye akiwa wa tano. "Na mimi ni yupi kati ya hao wawili?" akauliza.

Wajukuu wakacheka, na Bibi, ambaye hakuwa mtu wa kuacha kitu kikiwa kitamu, akataka kujua kama kanuni hiyo inahusu na misiba. Mkwewe akamwambia inahusu kila kitu, wa saba lazima awe na kibali. "Basi nitajitahidi nife kabla ya mwezi ujao," akasema Bibi, "tuwahi kujaa."

Tarishi hakucheka. Alikuwa anaikumbuka siku ile kwa upande wake, upande wa nyuma ya meza. Ni yeye aliyekaa pale na ubao wa kubania karatasi. Asubuhi ile Mkuu alimwagiza akunje sehemu ya juu ya kila karatasi aifiche chini ya kibanio, ati upepo utavichana vichwa. Akakunja. Akawaambia watu mia moja na kumi na wawili, mmoja mmoja, mama tia hapa, kaka tia hapa, haraka wengine wanasubiri. Na wao wakatia, kwa sababu walimjua. Kumbe kichwa cha karatasi kilikuwa kitupu, kikisubiri kuandikwa chochote.

Alitaka kunyamaza. Alijaribu hata kusema kwamba kanuni ngapi zimekuja zikapita, na kwamba amebakiza miezi kumi na minne astaafu, na mtu aliyebakiza miezi kumi na minne hatingishi kiti. Mkewe alikuwa anaitazama kalamu yake.

"Mimi ndiye niliyekunja," akasema Tarishi mwishowe.

Akaeleza yote. Mabinti wakaacha kuandika. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, na Tarishi aliona hasira ikipanda usoni mwake, ikakaa, kisha ikageuka kitu kingine ambacho kilikuwa kigumu zaidi kukitazama.

"Wangeghushi saini yangu ningelia," akasema. "Lakini hawakughushi. Niliwapa mwenyewe, kwa kalamu yangu, bila kuuliza. Sasa nitairudisha mwenyewe. Na wewe uliyekunja, utakunjua."

*

Mstari wa mwisho wa tangazo, ulioandikwa kwa herufi za kumsumbua hata mwenye miwani, ulisema hivi: pingamizi ziletwe kwa maandishi, kwa mkono, zigongwe mhuri wa kupokelewa kabla ya saa tisa na nusu alasiri siku ya kumi na nne. Kaya thelathini zikipinga, kanuni inasimamishwa, na Mkuu anaitisha mkutano mwingine mbele ya shahidi kutoka wilayani. Siku ya kumi na nne ilikuwa Ijumaa. Walikuwa na Jumatano na Alhamisi.

Mke wa Tarishi alidhani kazi itakuwa rahisi: barua moja na karatasi ya saini. Akapita nyumba tatu akarudi mikono mitupu. Watu walisikiliza, wakakasirika vilivyo, lakini alipotoa karatasi ya saini walirudi nyuma hatua moja. Muuza mkaa wa kona alimwambia wazi kwamba yeye na orodha wameachana, alitia saini apate chandarua akajikuta ameomba kufungiwa nyumba yake, safari hii akitia si atajikuta ameuza figo.

Akaona wana haki. Akakaa na wanafunzi wake wanane, wakaamua hakuna orodha. Kila kaya barua yake, kwa maneno yake, nakala mbili. Asiyejua kuandika ataandikiwa, kisha atasomewa tangu mwanzo, akikataa neno linafutwa. Siku mbili zile vitambaa vilibaki kabatini, na wanawake wale wakazunguka mtaa na madaftari. Si wote waliowafungulia. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyefundisha nusu ya mtaa kusoma, aliwasikiliza kupitia dirishani, akasema ana shinikizo la damu, akavuta pazia. Kuna aliyewauliza watalipwa kiasi gani na chama gani. Mke wa Tarishi alirudi Alhamisi jioni miguu imevimba na barua arobaini kwenye mfuko wa nailoni. Ya arobaini na moja ilikuwa ya Bibi, ambaye alidai kwamba kwa kuwa hakuhesabiwa kwenye wawili wa nyumba ile, yeye ni kaya ya peke yake.

Ofisini nako mambo yalikuwa yamebadilika. Alhamisi ile Mkuu alimwita Tarishi chumbani, akamvutia kiti. Kwa miaka kumi na tisa Tarishi hakuwahi kukaa kwenye kiti kile. Akamiminiwa chai, na Mkuu mwenyewe ndiye aliyemimina. Akaambiwa kwamba mkewe ni mchapakazi na ofisi inamthamini, na kwamba kibali chake cha kufundisha kushona kiko tayari, cha mwaka mzima, bila ada yoyote. Ni yeye tu atulie nyumbani Ijumaa.

Tarishi alikunywa ile chai yote. Alipofika nyumbani akamweleza mkewe kama alivyoelezwa, bila kuongeza wala kupunguza, na kusema kweli alitamani akubali. Mkewe alikuwa amekaa na miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Kibali cha kukaa na watu sebuleni kwangu," akasema. "Mwaka huu atanipa. Mwaka ujao nitamwomba. Mwaka wa tatu nitampigia magoti. Mwambie ahsante, sebule ninayo."

*

Ijumaa saa saba mchana Mkuu alimkabidhi Tarishi bahasha kubwa ya kaki, imefungwa kwa gundi na kupigwa mihuri mitatu ya siri. Aipeleke wilayani sasa hivi, ampe mwenyewe mkuu wa masijala, na akimaliza asirudi, aende tu nyumbani kupumzika. Mhuri wa kupokea barua ulikuwa kwenye droo ya Tarishi, na ufunguo wa droo ulikuwa umefungwa kwenye mkanda wake tangu siku ya kwanza ya kazi. Mkuu hakuuomba. Aliuacha uondoke na mwenyewe.

Tarishi alifika njia panda akasimama. Mikono yake iliijua kazi hii kuliko kichwa. Ilijua barua ya uhamisho kwa uzito wake, na ilijua hundi, na ilijua hata kesi. Aliipima bahasha kwenye kiganja cha kulia, akaipima kwenye cha kushoto. Ndani yake hamkuwa na kitu.

Alikaa kwenye ngazi za duka lililofungwa, bahasha magotini. Aliogopa, na hakuna haja ya kumpamba. Alifikiria kiinua mgongo chake, paa alilopanga kulibadilisha kwa fedha hizo, mabinti wawili ambao shule yao haikuwa imefika hata nusu. Alifikiria kwenda wilayani kweli, apokelewe bahasha tupu, asainiwe kwenye kitabu, arudi akiwa msafi mbele ya kila faili. Hakuna ambaye angeweza kumlaumu. Kilichomchoma hakikuwa hata kanuni yenyewe. Kilichomchoma ni kwamba mtu amemjua kwa miaka kumi na tisa, akaona mzigo unaomfaa ni huu, hewa iliyopigwa mihuri, na akawa na hakika kwamba ataubeba.

Akainuka akarudi.

Nje ya ofisi foleni ilikuwa imefika barabarani. Mkuu alikuwa amesimama kaunta akiwaeleza watu kwa upole mkubwa kwamba mpokeaji barua ametumwa kikazi, mhuri hana mwingine, sheria ni sheria, waje Jumatatu. Mke wa Tarishi alikuwa mbele ya wote, mfuko wa nailoni mkononi, akiuliza kwa mara ya nne ni nani anayeweza kupokea. Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia asiketi. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika tano.

Tarishi akapita katikati ya watu, akasema samahani kwa kila aliyemgusa, akaingia nyuma ya kaunta. Akaiweka bahasha mbele ya Mkuu.

"Nimekutuma wilayani," Mkuu akasema.

"Bahasha haina kitu, Mkuu. Nikaona nirudi uweke barua."

Kuna mtu nyuma alicheka, akajizuia. Mkuu hakuifungua bahasha. Tarishi akafungua droo, akatoa mhuri na kidau cha wino, akarekebisha tarehe kwa ukucha kama alivyofanya kila asubuhi. Kisha akamnyooshea mkewe mkono, kama ambavyo angemnyooshea mwananchi yeyote, akasema, "Inayofuata."

Akagonga ya kwanza. Akaandika saa chini ya mhuri, akatia herufi zake, akagonga nakala, akairudisha. Mkuu akamsogelea, akamwambia sikioni akiacha sasa hivi yataisha hapa hapa. Tarishi akagonga ya pili. Mkuu akaunyooshea mhuri mkono, lakini macho ya foleni nzima yalikuwa kwenye mkono ule, ukabaki hewani, kisha ukarudi mfukoni. Ya kumi. Ya kumi na saba. Muuza mkaa aliitazama nakala yake juu na chini kabla ya kuikunja. Mwalimu mstaafu alikuwa ametokea mwishoni mwa foleni na barua ndefu kuliko zote, kurasa tatu, zenye aya na vituo. Hakuna aliyemuuliza kuhusu pazia.

Mhuri bila kuingizwa kwenye daftari la barua ni nusu ya kazi, na hilo Tarishi alilijua. Alikuwa anawaza atafanyaje yote mawili kwa dakika zilizobaki aliposikia kiti kikisogezwa. Karani alikuwa ameinuka. Akaliweka daftari kaunta, akachora mstari chini ya barua ya mwisho ya jana, akaanza kuandika namba. Mkuu akamuuliza ni nani aliyemtuma.

"Nilivichapa vile vichwa vya karatasi nikanyamaza," akasema Karani, bila kuinua macho. "Leo niache niandike."

Pamoja na ile ya mwalimu na ya Bibi zilitimia barua arobaini na mbili, lakini ya mwalimu iligongwa saa tisa na dakika thelathini na mbili. Tarishi aliiandika hivyo hivyo, dakika zake zote, na mwalimu mwenyewe akakubali kwa kichwa kwamba amechelewa. Zilizobaki zilikuwa arobaini na moja. Zilihitajika thelathini.

"Unajua umefanya nini?" Mkuu akauliza.

"Nimepokea barua."

"Miezi kumi na minne, Bahasha. Miezi kumi na minne tu ilikuwa imebaki."

Tarishi alikuwa anaufuta mhuri wino kwa kitambaa. "Ukiniandikia barua ya kunisimamisha," akasema, "tumia jina langu lililo kwenye faili. Bahasha simjui."

Akaufungua ufunguo mkandani, akauweka kaunta, akatoka akaenda kuketi kwenye benchi kando ya mama yake, upande wa wananchi.

Mkuu akapaza sauti kwamba ofisi inafungwa, watu watawanyike. Bibi akamuuliza kama jibu la barua yake limeshatoka. Akaambiwa majibu huchukua muda. Akasema hana haraka, atasubiri, na akajisogeza ili mkwewe naye apate nafasi. Muuza mkaa akaketi sakafuni. Wanafunzi wa cherehani wakaketi, wakafuata wengine, mpaka pakawa hapana pa kukanyaga kati ya kaunta na mlango. Mkuu akasema huo ni mkusanyiko usio na kibali.

"Kanuni yako imesimamishwa," mke wa Tarishi akamwambia. "Imesimamishwa tangu barua ya thelathini. Tunataka tarehe ya mkutano, ule wa kweli, na jina la shahidi wa wilaya. Kwa maandishi."

Mkuu akatazama simu yake, akaingia chumbani, akasikika akiongea na mtu, akitaja fujo. Ilionekana huyo mtu aliuliza kama kuna kilichovunjwa, maana Mkuu alijibu hapana. Akauliza pengine wanafanya nini, maana Mkuu alijibu kwamba wameketi. Alipotoka alikuwa na karatasi ya tarehe na jina la shahidi, ameiandika kwa mkono, akaitupa kaunta.

Mke wa Tarishi akaichukua, akaisoma kuanzia kichwa mpaka saini. Akaigeuza kuona nyuma. Halafu akampa muuza mkaa, naye akasoma kwa kufuatisha kidole, akampa aliyefuata. Karatasi ikatembea sakafuni mkono kwa mkono, na asiyejua kusoma akasomewa. Mkuu alisimama mlangoni na funguo mkononi, akitazama saa, akihema. Hakuna aliyeinuka. Karatasi ilipofika kwenye benchi, Tarishi akaishika kwa mikono miwili na kuisoma mpaka mwisho, neno kwa neno, kisha akaanza tena juu kumsomea mama yake.